Kidonda cha Punda ni Dhima ya Mwenye Punda



Kuna methali ambayo sote tumeikuta vinywani mwa wazee wetu: punda afe, mzigo ufike. Ikisemwa kumsifu mtu mwenye bidii asiyeacha kazi yake njiani, hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na wale walioichukua kwa maana yake ya juu juu wakaifanya kanuni ya kazi, wakampakia mnyama aliyechubuka mgongo leo, kesho na keshokutwa, hadi mfupa ukaonekana. Anayetaka ushahidi asiende mbali. Awatazame punda wanaobeba mchanga na matofali ya matumbawe katika vichochoro vya Lamu, au wanaokokota mikokoteni ya maji Dodoma na Singida. Wengi wana madoa meupe mgongoni na mabegani. Madoa hayo si rangi waliyozaliwa nayo. Ni mahali palipokuwa na kidonda, chembechembe zinazoyapa manyoya rangi zikafa, na manyoya yaliyoota baadaye yakaja meupe. Kila doa lina habari ya siku alizobeba mzigo akiwa na jeraha.

Tumeona tulizungumze jambo hili katika ukurasa wa Ijumaa kwa sababu wenye punda hao, hasa huku pwani, wengi wao ni ndugu zetu Waislamu, na kwa sababu dini yetu haikulinyamazia. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alimpita punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyemchoma. Abu Daud naye amepokea habari ya ngamia aliyemlalamikia Mtume kwamba bwana wake anamtaabisha kwa kazi na kumwacha na njaa, na bwana yule akaitwa akaonywa. Mwanachuoni Izzud-Din ibn Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alipozitaja haki za wanyama juu ya wenye kuwamiliki alisema kwamba mnyama agharimiwe hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida, na asibebeshwe asichokiweza. Mtu akisema kwamba huruma kwa wanyama ni fikra iliyoletwa na wageni, amefupisha mno historia yetu.

Huruma peke yake, hata hivyo, haiponyeshi kidonda. Wako wenye punda wanaowapenda wanyama wao kwa dhati na bado wanawadhuru kwa dawa. Kwa hiyo yafaa kwanza tufahamu kidonda hupona vipi.

Ngozi inapochanika, damu huganda na kuziba mahali hapo. Kisha huja uvimbe na joto, nao ni kazi ya mwili kusafisha uchafu na kuua vijidudu. Baada ya siku chache huanza kuota nyama mpya, nyekundu, laini, yenye mishipa midogo ya damu, ambayo ukiigusa kidogo tu hutoka damu. Juu ya nyama hiyo, kutoka kwenye kingo za kidonda, ngozi mpya hutambaa taratibu kuelekea katikati, nayo mwanzoni ni nyembamba kuliko karatasi. Sasa tulifikirie tandiko linalosugua mahali pale pale kila asubuhi. Usiku ngozi imetambaa upana wa uzi, asubuhi imeparuzwa. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kukaa miezi na miaka bila kufunga, na mwenye punda akabaki kuilaumu dawa. Miguuni mambo huwa magumu zaidi. Farasi na jamaa zake wana tabia ya kuotesha nyama ya ziada katika vidonda vya chini ya goti, ikavimba kama ua la koliflawa ikapita kimo cha ngozi, na ngozi ikashindwa kuipanda. Nyama hiyo haina budi kuondolewa na daktari wa mifugo.

Ni nini basi kinachotiwa katika vidonda hivi huko mitaani? Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Majivu ya jikoni. Tindikali ya betri. Wengine humwaga dawa kali ya kusafishia sakafu mpaka povu litoke, wakaridhika kwamba kidonda kimeoshwa. Hoja yao ni moja: inzi wanakimbia, na kidonda kinakauka. Ni kweli inzi hukimbia. Lakini oili ya injini imebeba mabaki ya metali na kemikali ambazo mwili huzinyonya kupitia nyama iliyo wazi. Majivu huingia ndani ya nyama yakawa kama mwiba usiotolewa. Tindikali huunguza, ikafanya kidonda cha pili juu ya cha kwanza. Na huko kukauka kunakosifiwa ndiko hasa tunakotaka kukutilia shaka.

Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alichapisha katika jarida la Nature majaribio aliyoyafanya juu ya ngozi ya nguruwe wadogo. Aliacha majeraha mengine yakauke na kufanya gaga, mengine akayafunika kwa utando mwembamba ili yabaki na unyevu. Yale yaliyofunikwa yalijifunika ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia kuwa maradufu. Sababu yake si ngumu: ngozi changa haiwezi kutambaa juu ya sehemu kavu, hulazimika kuchimba njia chini ya gaga. Elimu kubwa ya vidonda inayotumika mahospitalini leo, kwa watu na kwa wanyama, ilianzia hapo. Kwa hiyo anayemwaga majivu ili kidonda kikauke anafanya bidii katika njia isiyo yake.

Dawa ya kwanza, nayo ni rahisi kuliko zote, ni maji ya chumvi. Maji yachemshwe, yapoe, yatiwe chumvi gramu 9 kwa kila lita, yaani takriban vijiko viwili vya chai visivyojaa sana. Kidonda kimwagiwe maji hayo kwa wingi hadi mchanga, manyoya na usaha vitoke. Kisisuguliwe kwa kitambaa kikavu, wala chumvi isiongezwe kwa kudhani kuwa ikizidi ndipo itafanya kazi. Aliye na dawa ya iodini naye aichanganye na maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi, kwani ikiwa kali huua vijidudu pamoja na nyama changa.

Baada ya kuosha tunafika kwenye asali, na hapa tutakawia kidogo. Sura ya 16 katika Qur'ani, Sura ya Nyuki, inawataja farasi, nyumbu na punda katika aya ya 8 kuwa ni vipando na pambo, na katika aya ya 69 inataja kinywaji kinachotoka matumboni mwa nyuki, ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu. Hatusemi kwamba aya hizo mbili ziliwekwa katika sura moja ili kutufundisha kutibu punda. Hilo lingekuwa ni kujifanyia tafsiri. Tunasema tu kwamba mwenye kuisoma sura hiyo anakutana na mnyama na dawa kabla hajafunga msahafu.

Asali hufanya kazi kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Sukari iliyomo ni takriban sehemu 80 katika 100, na maji ni machache, kwa hiyo huvuta majimaji kutoka ndani ya kidonda, ikakisafisha, na vijidudu vikakosa maji ya kuishi. Ina uchachu ambao bakteria wengi hawaupendi. Kisha ina kimeng'enya kiwekwacho na nyuki ambacho, asali inapochanganyika na majimaji ya kidonda, hutengeneza kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi, ile ile ambayo watu huimimina kwa chupa ikaunguza, lakini hapa hutoka kwa kiasi kidogo mno. Katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, madaktari wa wanyama waliijaribu asali ya manuka ya New Zealand katika vidonda vya miguu ya farasi vilivyotiwa uchafu makusudi. Vilivyopakwa asali havikutanuka katika siku za mwanzo kama vile visivyopakwa.

Hata hivyo asali ina masharti. Iliyochemshwa motoni imepoteza kimeng'enya chake. Iliyochanganywa na shira ya sukari, kama nyingi zinazouzwa barabarani, si asali. Ile ya mzinga moja kwa moja, hata ikiwa safi namna gani ya Tabora au Kitui, inaweza kuwa na mbegu za vijidudu, ndiyo maana inayotumika hospitalini husafishwa kwanza kwa mionzi. Kwa kidonda cha juu juu, asali safi iliyochujwa inatosha. Kwa kidonda kirefu kinachoingia ndani au kilichofika kwenye kiungo, aitwe daktari. Na ikishapakwa ifunikwe kwa kitambaa safi, vinginevyo sisimizi na nyuki watamtesa mnyama kuliko inzi waliofukuzwa.

Tuzungumze pia juu ya elimu mpya, maana dunia haikusimama kwenye asali. Desemba 2017 moto mkubwa uliunguza misitu ya kusini mwa California nchini Marekani. Dubu wawili na mtoto wa simba wa milimani waliokotwa wakiwa wameungua nyayo. Daktari wa wanyama Jamie Peyton wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwashonea nyayoni ngozi ya samaki aina ya tilapia iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, kisha akazifunga kwa karatasi za mchele na maganda ya mahindi. Dubu walirudishwa porini Januari 2018. Njia hiyo ilikuwa imeanzishwa na madaktari wa Fortaleza, Brazil, kwa watu walioungua. Ngozi ya samaki huyo ina kolajeni kwa wingi, ambayo ndiyo kamba inayoshika ngozi zetu, na huhifadhi unyevu kwa siku nyingi bila kubadilishwa. Tilapia ni nani? Ni jamaa ya perege na sato, samaki wa maji ya Afrika, ambaye ngozi yake sisi huitupa.

Vipo na vifaa vingine: utando wa uzazi wa farasi uliohifadhiwa, unga wa maganda ya kamba na kaa unaosaidia kuzuia damu, na pamba itokanayo na mwani wa kahawia (si ule unaolimwa na akina mama wa Zanzibar, huo una kazi nyingine). Kimoja ambacho wasomaji wetu wangependa kukijua ni tando zinazotengenezwa kwa utumbo au kibofu cha nguruwe, ambazo madaktari wa wanyama katika nchi tajiri wanazitumia. Mafaqihi wana maneno marefu juu ya kutibu kwa kilicho najisi, na hatuingii humo. Tunachoweza kusema ni kwamba mwenye asali na mwenye samaki hajafika penye dharura. Tena kifaa chochote kati ya hivi hakikuvumbuliwa ili kiwekwe chini ya tandiko. Dubu wale walilazwa wiki kadhaa bila kazi.

Jambo jingine lisilostahili kusahauliwa ni pepopunda. Lugha yetu iliupa ugonjwa huo jina la mnyama huyu, na haikukosea sana, kwani punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi mno na sumu ya kijidudu hicho cha udongoni. Kidonda kidogo cha kwato kilichochomwa na msumari kinatosha. Chanjo ipo, na bei yake si kitu ukilinganisha na bei ya punda.

Tunajua jawabu tutakalopewa. Punda akipumzika wiki tatu, watoto watakula nini? Swali hilo ni la haki, na anayelipuuza hajapata kuishi kwa kipato cha siku. Lakini punda aliyeoza mgongo naye halishi mtu, na akifa, wiki tatu zitakuwa mwaka wa kutafuta fedha za kununua mwingine. Rai yetu ni kwamba mzigo huo asiubebe mtu mmoja. Wenye punda wa mtaa mmoja huzikana, huchangiana harusi, hucheza upatu. Hawashindwi kuweka utaratibu kwamba punda wa fulani akijeruhiwa, wenzake watamwazima wao kwa zamu, naye atawalipa hivyo hivyo siku yao. Kituo cha punda kilichoanzishwa Lamu mwaka 1987 kimeonyesha kwamba wenye punda huleta wanyama wao wanapojua kwamba matibabu ni bure. Kilichobaki ni kumwezesha aliyetibiwa asirudi kazini jioni ile ile.

Na wakati punda amepumzika, tandiko lake litazamwe. Shogi ikaguliwe kwa kiganja, mkono upitishwe chini yake polepole. Palipo na fundo la kamba, ukingo mgumu au jasho lililoganda likawa kama jiwe, ndipo kidonda kilipozaliwa. Kamba za nailoni zivikwe kitambaa cha pamba. Pedi za makumbi zioshwe na kuanikwa, na zikatwe tundu mahali palipo sambamba na uti wa mgongo, ili mzigo ukae juu ya nyama za pande mbili na mfupa ubaki huru.