Umenunua bunduki, sawa. Risasi je?

Wadau, leo nina hoja na najua wapo watakaonuna.

Mtu akipata leseni ya kumiliki bunduki hapa Bongo, hasa raifo, washikaji wote watajua ndani ya wiki. Imetengenezwa wapi? Ina darubini? Umenunua bei gani? Mpaka usiku unakwisha watu wanasifia mbao na chuma. Ila muulize huyo jamaa swali moja tu: unaweka risasi gani humo? Atakujibu, "Aah, zile kubwa kubwa."

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Mtu asiyeijua risasi yake hastahili kujiita mmiliki wa bunduki. Bunduki yenyewe ni bomba. Kinachotoka, kinachosafiri na kinachoua ni risasi, na ikishatoka hairudi. Hata sheria yetu ya mwaka 2015 imetaja vyote viwili kwenye jina lake: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Sisi tumesoma neno la kwanza, tukafunga kitabu.

Tuanze na majina. Kuna watu wanaingia dukani na kusema "nipe za 7.62" kama vile wanaagiza soda. Hapo hujasema kitu! 7.62 ni kipimo cha unene kwa milimita, basi. Kuna 7.62x39 inayotumika kwenye AK-47, kuna 7.62x51 ya NATO, kuna 7.62x54R ya Warusi. Namba ya pili ni urefu wa ganda. Hizo ni risasi tatu tofauti kabisa, kila moja na bunduki yake.

Hatari kubwa zaidi iko kwa zile zinazofanana. Chukua .223 Remington na 5.56 ya NATO. Ukiziweka mezani utadhani ni pacha. Lakini bunduki ya 5.56 imechongwa ikiwa na nafasi zaidi mbele ya chemba, pale kichwa cha risasi kinapoanza safari. Ukipiga 5.56 kwenye bunduki iliyochongwa kwa ajili ya .223, mgandamizo wa gesi unaweza kupanda kupita kiwango, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo. Kinyume chake, yaani .223 ndani ya bunduki ya 5.56, haina tatizo. Sasa utajuaje? Usimuulize shemeji aliyepitia JKT. Jibu limechongwa kwenye mtutu wa bunduki yako. Lisome, kisha soma boksi na kitako cha ganda. Visipolingana, rudisha boksi kaunta. Huna haja ya kuona aibu.

Jambo la pili ni kichwa cha risasi. Kuna kilichovikwa shaba mwili mzima, na kuna chenye ncha laini inayotanuka ikigonga nyama. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague na kutoa tamko la kukataza risasi zinazotanuka zisitumike vitani kati yao. Ndiyo maana risasi ya kawaida ya mwanajeshi imevikwa mwili mzima. Mwindaji anataka kinyume chake: risasi itanuke, mnyama afe haraka bila mateso. Sasa kuna jamaa anakwenda kuwinda swala na risasi za aina ya kijeshi, eti kwa sababu zilikuwa rahisi kupatikana. Risasi inatoboa na kupita, mnyama anakimbia na tundu, anakwenda kufia porini baada ya masaa. Nyama hujapata, na umetesa kiumbe bure.

Akiwa nyati, mambo ni mabaya zaidi. Kuna sababu kaliba ya .375 imekuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari hapa Tanzania. Nyati aliyejeruhiwa na risasi isiyomtosha hasahau. Wewe utapanda Land Cruiser urudi zako mjini Jumapili jioni. Atakayekutana na nyati huyo Jumatatu ni mama wa kijijini anayekwenda kuokota kuni. Hakukualika, hakuona leseni yako, wala hajui jina lako. Deni lako analilipa yeye.

Msinielewe vibaya, sisemi kila mtu akimbilie kubwa. Huo nao ni ugonjwa wetu wa mjini: simu kubwa, gari kubwa, risasi kubwa. .375 H&H inapiga teke begani takriban mara mbili ya .30-06. Mtu mgeni akipigwa teke hilo mara tatu, ya nne anafumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Anayefumba macho halengi, anabahatisha. Kwa swala, risasi ya wastani unayoimudu inazidi kubwa unayoiogopa.

Najua wapo watakaosema: "Bwana mwandishi, mimi siwindi, nalinda familia. Majambazi wanakuja na SMG, unataka nipambane nao kwa manati?" Hoja nzito hiyo, siipuuzi. Lakini tuulizane. Unaishi wapi? Kama ni Sinza au Tandika, dirisha lako linatazamana na la jirani. Risasi ya raifo ikimkosa mwizi haiishii hewani. Inapita mlango wa mbao, inapita bati, na ukuta hafifu usiuamini. Hata ile .22 ndogo tunayoidharau, kuna maboksi yake yameandikwa onyo la hatari mpaka maili 1.5, kama kilomita 2.4 hivi. Ukiwa Kariakoo, Posta imo ndani ya umbali huo. Hiyo ndiyo ndogo! Sasa wewe uliyejaza risasi za kuangusha nyati ili umfukuze kibaka wa kuku, umemlinda nani? Familia yako, pengine. Ya jirani je?

Halafu kuna ubahili wa ajabu. Mtu anatoa mamilioni kununua bunduki, lakini kupiga risasi 20 za mazoezi anaona ni hasara. Kila aina ya risasi inagonga mahali pake. Bunduki iliyorekebishwa kwa risasi moja inaweza kukosa kwa nyingine yenye uzito tofauti, shabaha ileile, umbali uleule. Chagua aina moja inayofaa kazi yako, nunua za toleo moja, nenda uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, piga karatasi mpaka ujue zinagonga wapi. Zilizobaki zifungie pakavu, mbali na bunduki na mbali na watoto. Joto na chumvi ya Pwani havichezi na shaba: ukiona ganda limeota ukijani au lina ufa, usilipige.

Na hili ulishike kama sala. Ukivuta kifyatulio ikakataa kulia, usiifungue hapohapo. Elekeza mtutu pasipo na mtu, hesabu sekunde 30, ndipo utoe. Ukisikia mlio mdogo kama kizibo, acha kabisa kupiga. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua.

Wauzaji nao wasijifiche. Duka la dawa linalomuuzia mtu vidonge bila kuuliza anaumwa nini tunaliita duka bubu. Anayeuza risasi bila kuuliza "bunduki yako imechongwa kwa ajili ya risasi gani, na unakwenda kufanya nini?" tumwite nani? Nataka swali hilo liulizwe kila boksi linapopita kaunta, na asiyeweza kujibu aondoke mikono mitupu, hata kama leseni yake ina mihuri kumi na amekuja na dereva.

Leseni inasema serikali imekuamini. Jirani yako hajaulizwa. Mtu pekee anayeweza kumlinda na risasi yako ni wewe, na kazi hiyo inaanzia dukani, kabla hujalipa.

Naomba kutoa hoja. Wenye bunduki, karibuni tubishane.