Ushawishi Upigwe Marufuku? Swali Kutoka Kigombe

Swali lililotufikia kutoka Kigombe ni fupi: kwa nini serikali isiwapige marufuku watu wanaokwenda Dodoma kuwashawishi viongozi, ili rushwa ipungue? Aliyeuliza ni mvuvi. Anasema kila inapotoka kanuni mpya au ada mpya ya uvuvi, inaonekana kuna watu waliosikilizwa kabla yao, na watu hao hawajawahi kuonekana dikoni.

Malalamiko yake tunayaelewa. Ila dawa anayoipendekeza inaweza kumuumiza yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tuanze na neno lenyewe. Kumshawishi kiongozi ni kumfuata mwenye mamlaka ukamweleza unachotaka afanye, na kwa nini. Kwa maana hiyo Kigombe nayo inashawishi. Watu wa ukanda huu walidai kwa miaka mingi barabara ya Tanga hadi Pangani iwekwe lami, wakimwambia kila mgombea aliyepita. Mvuvi anayemfuata diwani kulalamikia masharti ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, anashawishi. Kina mama wa mwani wanaomwandikia mkurugenzi wa halmashauri kuhusu bei, nao wanashawishi. Katiba yetu, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi unaomhusu. Ikitungwa sheria ya kusema kumshawishi kiongozi ni kosa, wa kwanza kushikwa atakuwa yule aliyekwenda mchana, barua mkononi, jina lake limeandikwa chini.

Mwenye bahasha haendi mchana. Penye udhia penyeza rupia, walisema wazee wa pwani tangu enzi ambazo rupia ilikuwa ndiyo fedha, na huyo anayepenyeza tayari anavunja sheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inakataza kutoa hongo na inakataza kupokea. Inakataza pia biashara ya ushawishi, yaani mtu kulipwa ili atumie ukaribu wake na mkubwa kumpatia mwingine upendeleo. Marufuku ipo, msikilizaji. Kinachokosekana ni kuona.

Tuchukue mfano wa rada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilinunua mtambo wa rada wa kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza, kwa pauni milioni 28. Hata ndani ya serikali ya Uingereza kulikuwa na waziri, Clare Short, aliyepinga hadharani akisema nchi maskini inauziwa kitu ghali isichokihitaji kwa kiwango hicho. Mauzo yakapita. Baadaye ikagundulika kwamba kampuni ilimlipa mtu wa kati aliyefanya kazi ya kushawishi mpango huo, na malipo yake yalikuwa kama dola milioni 12. Karibu theluthi moja ya bei yote! Desemba 2010 kampuni ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutotunza vizuri hesabu za malipo hayo, ikatozwa faini ya pauni laki tano, na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Fedha hizo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Jaji wa kesi ile alisema jambo linalogusa swali letu moja kwa moja. Kwa maneno yetu: kuamini kwamba mtu yule alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri ni ujinga wa kupitiliza. Lakini kampuni haikuadhibiwa kwa kosa la hongo. Iliadhibiwa kwa sababu daftari lake lilificha malipo yalikuwa ya nini. Fedha ilishapita, na hakuna aliyeweza kuonyesha mahakamani iliingia mfuko wa nani. Wakati ule wa mauzo, mwananchi wa Kigombe hakuwa na namna ya kujua hata kama mtu huyo wa kati yupo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, ndani ya mkoa wetu. Julai 2011, nchi ikiwa gizani kwa mgao mkali wa umeme, Wizara ya Nishati na Madini ilipeleka bajeti yake bungeni. Mbunge wa Kilindi, marehemu Beatrice Shellukindo, akasimama na barua. Ilikuwa imeandikwa na Katibu Mkuu wa wizara hiyo, David Jairo, ikizitaka taasisi zilizo chini ya wizara zichange shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha uwasilishaji wa bajeti. Wabunge wakauliza: kufanikisha kwa njia gani? Bajeti ikaondolewa, ikarudi baada ya wiki tatu.

Hapa tunaomba twende polepole, kwa sababu hadithi hii haikuisha ilivyotarajiwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguza, akasema hakuona ushahidi kwamba fedha zile zilikuwa za kuwahonga wabunge. Katibu Mkuu akaruhusiwa kurudi kazini na kupokewa kwa shangwe. Bunge likaja juu, Rais akamrudisha likizo, na kamati teule ya Bunge ikasema baadaye kwamba uchangishaji ule haukufuata utaratibu. Ukisoma mabishano yote yale unabaki na jambo moja la kutia wasiwasi kuliko hongo: kuna waliotetea kwamba mambo hayo ni kawaida. Msimu wa bajeti maofisa huenda Dodoma, kuna posho, kuna chakula, kuna takrima, na lazima mtu alipe.

Kilichovunja kawaida hiyo ni karatasi na mtu aliyekubali kuisoma kwa sauti. Marufuku mpya isingekuwa na la kuongeza pale. Pengine ingemfanya mwandishi wa barua apige simu badala ya kuandika.

Kupiga marufuku kabisa kumewahi kujaribiwa kwingine. Jimbo la Georgia, Marekani, liliandika katika katiba yake ya mwaka 1877 kwamba kuwashawishi watunga sheria ni kosa la jinai. Wenye mali hawakuacha kuwafuata. Kifungu hicho hakipo tena, na serikali ya Marekani ikachagua njia nyingine. Tangu sheria ya mwaka 1995, mshawishi wa kulipwa katika Bunge la nchi hiyo hujiandikisha na kutaja anamfanyia kazi nani, kuhusu jambo gani, kwa malipo ya kiasi gani. Rushwa haikuisha Marekani, tusidanganyane. Fedha bado inasikilizwa kuliko watu. Lakini mwandishi wa habari au mkulima mwenye simu anaweza kutafuta jina la kampuni akaona imelipa nani.

Tanzania haina daftari la namna hiyo. Maoni yetu ni kwamba hilo ndilo la kudai, pamoja na jambo la pili ambalo kwa watu wa Kigombe ni zito zaidi, nalo ni umbali. Muswada unapofika kwenye kamati ya Bunge, wadau huitwa kutoa maoni. Kampuni kubwa ina mwanasheria wake Dodoma, anashuka kwenye gari na kuingia. Mvuvi wa Kigombe atafute nauli, alale njiani, aache chombo, na huenda tangazo lenyewe limemfikia kikao kimekwisha. Kwenye chumba kile hakuna aliyehongwa, na bado aliyesikilizwa ni mmoja. Kamati zikija pwani kusikiliza kanuni za pwani, au zikipokea maoni kwa simu, sehemu ya malalamiko ya mvuvi wetu itakuwa imepata jibu bila kumnyima mtu haki ya kusema.

Kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri Dodoma. Mkipeleka barua halmashauri, pelekeni nakala mbili na moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na pale mwananchi anaweza kuuliza mwekezaji fulani alikutana na nani, walizungumza nini, na muhtasari uko wapi. Aliyeombwa fedha ili barua yake isogee anaweza kupiga 113, namba ya TAKUKURU, bila malipo.

Na mvuvi aliyetuuliza, tunasubiri atuambie barua ya kikundi chake imejibiwa nini.