Kabati Lenye Ufunguo Mmoja

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, rejesta zote zilikaa katika kabati moja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilijisifu kwamba huo ndio utaratibu. Siku nilipolazwa hospitali, walimu walishindwa kuziona alama za wanachuo wao wenyewe. Aibu ile ilinifunza.

Leo naona viwanda vikirudia kosa langu kwa gharama kubwa zaidi. Katika kiwanda kimoja nilichotembezwa, boila ina kompyuta yake, kinu kina yake, ghala lina yake, na hakuna inayosema na mwenzake. Fundi wa zamu ananakili presha ya mvuke kwa kalamu. Karatasi inakwenda kwa meneja, inalala huko. Kisha tunaambiwa wanapanga mageuzi ya dijitali!

Wasisingizie kwamba mitambo ya makampuni mbalimbali haielewani. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa Modbus, lugha ya mitambo kupashana habari, na wengine wakaruhusiwa kuitumia. Mwaka 1996 ikafuata OPC, ya kuunganisha mitambo hiyo na programu za kompyuta. Lugha zipo, kinachokosekana ni nia.

Basi, kabla ya kununua mtambo mpya, amueni kumbukumbu zitakusanywa wapi na nani atazisoma. Ziwe mahali pamoja, lakini fundi wa zamu azione, maana yeye ndiye wa kwanza kusikia mtambo ukilalamika. Kukusanya bila kufungua ni kabati langu lilelile, limetiwa umeme tu.