Nani Aliyesema Mkeka Si Sanaa?

Mwanafunzi wa sekondari, Unguja au Pemba, akiambiwa aandike insha juu ya sanaa, aghalabu hutazama mbali. Ataandika kwamba sanaa ni uzuri unaojitokeza katika umbo. Ataigawa katika uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na fasihi. Ataitaja picha ya Mona Lisa ambayo hajapata kuiona. Na atamaliza kwa kusema kwamba sanaa huburudisha na kuelimisha jamii. Atapata alama nzuri. Kisha atafunga daftari, atarudi kwao, atavua viatu mlangoni, atakaa juu ya mkeka uliosukwa na bibi yake, na hatamwuliza bibi hata neno moja.

Kosa si la mwanafunzi. Ametenda alivyofundishwa. Kosa lina wenyewe, nao ni wawili. Wa kwanza ni darasa, linalomfanya mtoto aamini kwamba sanaa ni somo lenye ufafanuzi na mifano ya kukariri. Wa pili ni wapenzi wa ushairi, ambao ilipasa wawe mashahidi wa mtoto huyu lakini wamekaa upande wa darasa. Hao ndio wanaoziita kofia, mikeka na kanga kwa jina la dharau la “kazi za mikono”, kana kwamba shairi huandikwa kwa miguu.

Lugha yenyewe inawashitaki. Neno sanaa limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutengeneza na kufanya kazi kwa ufundi. Halikuanza kwa kumtenga aliyeshika kalamu na aliyeshika patasi. Kiswahili nacho hakikujenga ukuta huo. Kitenzi cha kutunga hutumika kwa shairi, na hicho hicho hutumika kwa shanga katika uzi, kwa asumini, na kwa samaki katika kamba. Waliokizoea kitenzi hiki walijua kwamba vyote hivyo ni kazi moja ya kupanga kitu baada ya kitu mpaka upatikane utaratibu. Ajabu ni kwamba katika miongo hii ya karibuni, mitaani, neno usanii limegeuzwa likawa na maana ya ulaghai: mtu akidanganya, husemwa kwamba amefanya usanii. Watu wasioiona tena sanaa katika kazi ya mikono yao hawana budi kuishia kuiona katika hila.

Lau mwalimu angemwambia mwanafunzi: usiniandikie sanaa ni nini, niandikie ulichokiona tangu alfajiri hadi magharibi, daftari lingejaa. Angeandika kwamba mama yake, kabla ya kwenda arusini, alishika kanga moja akairudisha kabatini, akachukua nyingine. Na alipouliza sababu, mama alicheka tu, kwa kuwa jina la ile ya kwanza lingemfikia jirani kama jiwe. Angeandika kwamba muuza kahawa hagonganishi vikombe vyake ovyo, bali ana mapigo yake, na watu wa barazani humtambua kabla hajatokeza kwenye kona. Angemwona kijana aliyejiinamia kushona kofia ya viua, akitoboa na kuzungushia uzi tundu baada ya tundu, kazi ya majuma na pengine miezi. Magharibi angesikia harufu ya asumini na mrehani, akaona vidole vya shangazi vikitunga kikuba, vikichagua ua hili na kuliacha lile.

Hilo la kanga linastahili kusimamiwa zaidi, kwa kuwa ndilo linalowahusu washairi moja kwa moja. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na juu kidogo ya pindo la chini ina jina. Hebu mwanafunzi apewe kanga yenye methali isemayo “Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika”, aambiwe ahesabu. Atakuta mizani nane katika ukwapi na mizani nane katika utao. Ni mshororo kamili wa shairi la mizani 16, wenye kituo mahali pake, na hakuna silabi iliyovutwa wala iliyobanwa. Mshororo huo umevaliwa sokoni, jikoni na matangani. Umesomwa na watu ambao hawajapata kufungua diwani. Ni mshairi gani aliye hai mwenye wasomaji wengi hivyo? Na bado, katika vikao vya washairi, jina la kanga hutajwa kwa kejeli, kuwa ni mipasho ya wanawake. Mipasho imo, ni kweli. Imo pia katika mashairi ya kujibizana ambayo washairi hao hao huyasifu kuwa ni urithi.

Wenye dharau hiyo wamesahau walikotoka. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utenzi wake mwaka 1858, hakuwa akiandikia mashindano wala wahakiki. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti wa kumwachia wasia: adabu, usafi wa nyumba, namna ya kukaa na mume na watu. Mambo yake ni ya chumbani na uani, na kwa mambo hayo ametunga utenzi ambao wasomi hawajaacha kuusoma. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakusubiri mambo makubwa ndipo atunge. Vita vya mji vilimpa shairi, na ugomvi wa nyumbani ulimpa jingine. Na mashairi yake yangalipotea kama upepo wa kusi lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingeyaona kuwa ni kitu cha kukusanywa kutoka vinywani mwa watu, akisaidiana na W. E. Taylor, hata mwaka 1940 Hichens akaichapisha Diwani ya Muyaka. Sikujua hakuyatunga mashairi hayo. Kazi yake ilikuwa kuyatambua. Kila anayemsoma Muyaka leo ana deni kwa mtu aliyekuwa na macho ya kuona thamani katika jambo ambalo wengine walilizoea.

Hali kadhalika Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika nyumba ya wakulima na wafinyanzi, na yasimuliwa kwamba sauti yake ilianza kujulikana akiuza vyungu, akivinadi njiani. Mwaka 1928 alifika Bombay kurekodi nyimbo katika santuri, na baadaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Wanaomsifu leo huanzia Bombay. Wangeanzia kwenye vyungu. Sauti ile ilifunzwa na kazi kabla haijafunzwa na ala, na mfinyanzi aliyeketi nyuma ya binti huyo hakuandikiwa wasifu na mtu yeyote.

Hapa kuna watakaoinuka na kusema: basi kila kitu ni sanaa, na kufagia ni sanaa, na kuchemsha chai ni sanaa! La hasha. Maneno hayo yanaonekana kuwa ni ukarimu lakini ni uvivu. Anayesema kila kitu ni sanaa hana haja ya kutazama chochote, na kwa hiyo hana tofauti na yule asemaye kwamba sanaa ipo Ulaya tu. Kipimo kipo, na mtoto anaweza kukitumia: ni nini hapa kilichozidi haja? Mkeka usio na rangi hulaliwa vilevile. Msukaji angeweza kuusuka ukindu mweupe mtupu, na mlalaji asingepungukiwa usingizi. Lakini amechovya baadhi ya ukindu katika rangi, amehesabu jinsi utakavyopishana, amesuka ukili mrefu, akaushona ukingo kwa ukingo ili nakshi ya ukili huu ikutane na nakshi ya ule. Na ukindu mmoja ukikosea njia, atafumua. Hakuna anayemlazimisha, mlalaji asingejua. Hapo katika kule kufumua ndipo alipo msanii. Mshairi anayefuta mshororo mzima kwa ajili ya kina kimoja anamjua vizuri mwanamke huyo, hata kama hajapata kumsalimia.

Kipimo hicho kinaleta jambo la pili, ambalo wapenda utamaduni hawalipendi. Kuona si kusifu. Mwanafunzi akipewa macho apewe na ulimi pia. Awe na ruhusa ya kusema kwamba mkeka huu wa bibi umeshonwa vibaya, kwamba kanga hii ina mji uliojaa maua yasiyopatana na pindo lake, kwamba jina lile limekosa mizani na lingekuwa bora kama neno moja lingehama. Washairi wamezoea kukaguana vina bila huruma, na ndiyo maana vina vyao vimedumu. Lakini nani amepata kusoma uhakiki wa kofia? Nani ameandika kwamba duara la juu halijibizani na ukanda wa pembeni, au kwamba fundi huyu amekiacha kigezo cha kale akabuni chake, na amefanya vyema? Kofia husifiwa kwa jumla, katika hotuba za maonyesho, pamoja na ngoma na vyakula vya asili. Kitu kinachosifiwa kwa jumla kimekwisha kuwekwa kando. Uhakiki ndio heshima ambayo kazi hizi zimenyimwa.

Mzazi naye atauliza swali lake, nalo ni swali la haki: mtoto atakula mkeka? Ana mtihani mbele yake, anatafuta kazi, na hata huyo bibi mwenyewe anamwombea asirithi maumivu yake ya mgongo. Jibu ni kwamba hakuna anayemtaka kila mwanafunzi awe msukaji. Anatakiwa awe mtu anayejua alichokikalia. Kwani bei nayo hutoka machoni. Mnunuzi asiyeweza kuisoma kofia humlipa fundi bei ya uzi na kitambaa, na majuma yale yote huyahesabu kuwa ni bure. Kisha kofia ya mashine huletwa kwa bei ndogo zaidi, na mikeka ya plastiki hupangwa dukani, naye husema kwamba ni sawa tu. Maskini anayenunua cha rahisi hana lawama. Lawama ni ya msomi mwenye uwezo wa kununua na asiye na uwezo wa kutofautisha.

Yupo aliyeponea chupuchupu hukumu hiyo. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao, akiuza picha zake kando ya barabara Dar es Salaam mpaka alipokufa mwaka 1972. Leo picha zinazoitwa kwa jina lake zimejaa katika maduka ya Mji Mkongwe, na mwanafunzi analijua jina hilo. Lakini amelijuaje? Amelijua kwa sababu mgeni alinunua. Je, itabidi kila fundi wa visiwa hivi angoje mgeni apite, ndipo jirani yake amwone?

Mji Mkongwe wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, ilianguka. Watu walisikitika, na walikuwa na haki ya kusikitika. Lakini jumba likianguka husikika. Vumbi lake huonekana hadi Forodhani. Mkono wa mwanamke anayejua nakshi ambayo hakumwachia mtu hauangui vumbi. Anazikwa kabla ya alasiri, watu wanarudi, wanakaa matangani juu ya mikeka aliyoisuka yeye, wanamsomea, na hakuna anayejua kwamba kilichozikwa ni diwani nzima.

Dawa yake si mradi wala semina. Mwalimu anaweza kuanza Jumatatu: amwambie kila mwanafunzi aje na kitu kimoja kutoka nyumbani, pamoja na jina la aliyekifanya, aeleze kilichozidi haja, na aseme kama kimefanywa vizuri au vibaya. Asiyejua jina la fundi arudi nyumbani akaulize, na kurudi huko ndiko kutakuwa sehemu kubwa ya somo. Majarida ya ushairi nayo yatenge ukurasa, si wa kusifu urithi, bali wa kuhakiki kofia moja, mlango mmoja, kanga moja, kwa ukali ule ule unaotumika kwa tarbia. Na mshairi atakayeona kwamba ukurasa huo unamshushia hadhi, aanze kwa kufanya jambo jepesi: aketi karibu na bibi asukaye, ahesabu naye ukindu kwa muda wa saa moja bila kukosea. Akishindwa, ampishe bibi ukurasa.