Akaunti Tatu, Simu Moja: Wasimamizi wa Gemu Watakujua?

Vijana wengi wamekuwa wakituuliza swali ambalo mwanzoni tulidhani halituhusu: nikifungua akaunti ya pili au ya tatu kwenye gemu ya mtandaoni, wasimamizi watanijua? Linatuhusu sana. Mnanunua almasi, skini na pasi za msimu kwa pesa za simu, na akaunti ikifungwa, kwa kawaida hizo pesa hazirudi.

Jibu letu ni ndiyo, mara nyingi watajua. Ila si kwa njia ambayo wengi wenu mnafikiria.

Wengi mnaamini kila kitu kiko kwenye IP, ile anwani ya intaneti. Basi mtu anazima Wi-Fi, anawasha bando, anajiona amejificha. Kusema kweli, IP pekee ni ushahidi dhaifu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hivyo wewe wa Kayole na mtu wa Thika usiyemjua kabisa mnaweza kuonekana kama mmetoka mlango mmoja. Saiba ni vivyo hivyo. Msimamizi akifungia watu kwa IP tu, atafungia mtaa mzima.

Anachofanya ni kuunganisha dalili. Simu yenyewe ina alama zake: modeli, toleo la mfumo, vitambulisho ambavyo gemu inaweza kusoma. Akaunti mbili zikiwa kwenye simu ile ile, moja ikitoka na nyingine inaingia dakika hiyo hiyo, kila siku, si ngumu kuelewa. Halafu kuna mwenendo. Akaunti ya juzi inayocheza kama mkongwe, au akaunti ndogo inayomtumia mkubwa dhahabu yake yote kila usiku bila kupata chochote, inajianika yenyewe.

Angalia Dota 2, gemu ya kampuni ya Valve ya Marekani. Mwaka 2017 ilianza kudai kwamba anayetaka kucheza mechi za kupanda daraja aandikishe namba ya simu isiyotumiwa na akaunti nyingine. Watu wakatafuta njia za kuzunguka. Septemba 2023 Valve ikatangaza kwamba imefungia akaunti 90,000 za pembeni, zile ambazo wachezaji wazuri huzitumia kuwachapa wanaoanza. Ikasema pia imezifuatilia zote hadi kwa akaunti kuu za wenyewe, na kwamba kuanzia hapo akaunti kuu nayo inaweza kuadhibiwa. Hapo ndipo hasara inauma, maana akaunti kuu ndiyo umeitilia pesa miaka yote hiyo.

Si kila gemu inakataza, lakini. EVE Online inaruhusu mtu mmoja kulipia akaunti kadhaa. Pokémon GO inataka moja tu. Soma masharti kabla hujatuma hata shilingi hamsini.

Sasa, wasimamizi nao tuna neno nao. Nyumba nyingi hapa Kenya zina simu moja nzuri, ya mama, na watoto watatu wanaipokezana baada ya kazi ya shule. Kwa mashine, hao watatu ni tapeli mmoja. Tunaona si haki kumfungia mtu bila kumuuliza kwanza, na kampuni inayochukua pesa zetu inafaa kuwa na mtu wa kusikiliza rufaa.

Mpaka hapo, linda laini yako. Imesajiliwa kwa kitambulisho chako na ndiyo pochi yako, kwa hivyo usimwazime mtu namba apokelee kodi ya kufungulia akaunti, hata akiwa binamu. Akifungiwa, namba iliyo kwenye rekodi ni yako. Wauzaji wa akaunti zilizopandishwa daraja ndio wabaya zaidi: leo anakuomba usome kodi iliyoingia kwa simu, kesho anaomba PIN. Hakuna msimamizi wa gemu anayehitaji PIN yako.

Na zile meseji za malipo usizifute. Ukikata rufaa, ile namba ya muamala na tarehe yake inaweza kukusaidia kuonyesha kwamba akaunti ni yako na ni wewe uliyeilipia.