Ukienda Kuona Keja, Angalia Juu

Wasee, tuache kudanganywa na rangi. Ukipelekwa kuona keja Eastlands, macho yanakimbilia tailsi, soketi na sinki. Hakuna mtu huangalia pale ukuta unakutana na slabu. Na hapo ndipo uongo wa mjengo hufichwa.

Shuleni tulikaririshwa ati usipoziba ufa utajenga ukuta. Nairobi tumeigeuza: tunajenga ukuta, halafu tunakataa kuziba ufa.

Iko hivi. Mawe ya Ndarugo ni nadra yaishe sawasawa chini ya slabu. Laini ya mwisho huacha nafasi, inchi moja, mbili, saa zingine mkono mzima unaingia. Dawa yake si siri. Unaacha ukuta utulie siku kadhaa, unapiga brashi kutoa vumbi, unarashia maji, halafu unashindilia vipande vya mawe na mota nzito, simiti moja kwa mchanga tatu, mpaka ndani kabisa, pande zote mbili. Ikishika, unapigilia waya wa kuku kwa maungio. Plasta ndiyo ya mwisho.

Kinachofanyika sasa? Karatasi ya simiti inakunjwa, inasukumwa ndani, plasta inapita juu, rangi, picha WhatsApp, lete kodi. Baada ya muda ufa unatembea kona hadi kona. Mende wanahamia. Unasikia jirani akiomba fuliza. Akiwasha jiko la makaa, moshi wake ni wako. Na nyumba ikishika moto, njia ilishaachwa wazi.

Msiniambie ni uvivu wa fundi. Zii. Fundi akiambiwa rumu zote ziishe Jumamosi, atangoja mota ishike na nani? Anayeharakisha ni mwenye ploti na kontrakta wake. Na anaokoa nini? Nafasi ya inchi moja kuzunguka single rumu haimalizi hata mfuko mmoja wa simiti.

Hii ni vita yetu sana hapa Shauri Moyo, juu serikali inatujengea magorofa ya nyumba za bei nafuu. Tangu sheria ya 2024, mwenye payslip anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 1.5. Si zawadi hiyo, ni chapaa ya wazazi wetu. Basi tudai kitu kimoja kidogo: kila ukuta upigwe picha kabla ya plasta, na anayehamia aonyeshwe hiyo picha.

Mimi chuo niliachia njiani, lakini kugonga ukuta hakuhitaji digrii. Siku ya kuonyeshwa nyumba, panda kiti, chukua sarafu, gonga pale juu kutoka kona hadi kona. Ikilia kama debe tupu, usitie sahihi.