Dhahabu ya kebo haing'arishi picha

Nimechoka na uongo huu, kwa hivyo leo wacha niseme wazi. Ingia duka la vifaa vya elektroniki hapa Nanyuki, au Nyeri, au Karatina, useme picha ya gemu yako haiko safi. Utatolewa kebo ya HDMI nene, imefungwa kwenye boksi la kumetameta, ncha zake za rangi ya dhahabu. "Chukua hii, boss, picha itakuwa moto." Unalipa mara tatu au nne ya bei ya kebo ya kawaida. Unafika nyumbani, picha ni ile ile.

Jamani, kebo haitengenezi picha! Picha inatengenezwa na mashine ya gemu. Kazi ya kebo ni kuifikisha kwenye TV. Inaweza kupoteza kitu njiani, lakini haiwezi kuongeza kitu ambacho mashine haikutoa. Shika hilo na mengine yote yatafuata.

Tuanze na HDMI. Ndani yake hakupiti picha yenyewe, zinapita namba: sifuri na moja. Namba ikifika ilivyo, imefika. Mtu akikutumia shilingi 500 kwa M-Pesa, hazifiki zikiwa 510 kwa sababu simu yako ni ya bei ghali. Kadhalika, kebo mbili za HDMI zinazofikisha namba zote zinaleta picha moja, hata kama moja ni ya bei ya chai na nyingine ya bei ya mbuzi.

Kebo ya HDMI ikiwa mbovu utajua tu. Utaona vidoa vyeupe vinametameta, au sauti inakatika, au skrini inazima na kuwaka. Haileti picha yenye ukungu kidogo au rangi zilizopauka kidogo. Ukiona ukungu, tafuta kwingine. Dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu kwenye ncha. Ni kazi nzuri, lakini haihusiani na rangi ya jezi za Arsenal.

Sasa njoo kwenye waya wa njano, ule unaofuatana na mweupe na mwekundu wa sauti. Hapa kebo ina maana kubwa, na hapa ndipo wauzaji wananyamaza! Waya wa njano unasukuma mwangaza na rangi zote kwenye njia moja. TV inapaswa kuvitenganisha tena, na haiwezi kuvitenganisha vizuri. Ndiyo maana unaona maandishi yenye kingo zinazotambaa, nyekundu inayovuja, na namba za wachezaji usizoweza kusoma. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa zilikuwa zinaficha aibu hiyo. TV bapa inaianika yote.

Chukua PS2. Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, lakini mashine iliyouzwa zaidi ya milioni 150 haipotei kirahisi. Boksini ilikuja na waya wa njano, na watu wengi hawajui kwamba tundu lile lile nyuma linakubali kebo nyingine yenye ncha tatu za picha: kijani, buluu na nyekundu. Hiyo inapeleka mwangaza peke yake, na habari za rangi kwa njia mbili tofauti. Kingo zinanyooka, maandishi yanasomeka. Gemu kama Gran Turismo 4, toleo la Marekani, inaweza hata kutoa 480p na 1080i kupitia kebo hiyo. Kwa waya wa njano, sahau.

Faida ya pili: Kenya tulitumia PAL, na mashine zilizotoka Marekani au Japani ni za NTSC. Kwenye TV isiyojua rangi za NTSC, waya wa njano unakuletea picha nyeusi na nyeupe. Kebo ya ncha tatu haina shida hiyo, kwa sababu rangi hazikufichwa ndani ya mwangaza. TV ikikubali mwendo wa 60Hz, rangi zipo.

PS3 nayo ni kichekesho. Ilitoka mwaka wa 2006 ikiwa na tundu la HDMI, lakini kebo ya picha iliyokuwa boksini ni ya njano! HDMI ulijinunulia. Gemu ya 720p ina pikseli 921,600. Picha ya PAL kwa waya wa njano ina 414,720 kwa hesabu ya juu kabisa. Zaidi ya nusu inaachwa mlangoni. Kwa mtu kama huyo, HDMI ya bei rahisi kabisa ni muujiza.

Lakini tahadhari na kile kijisanduku cha kugeuza AV kuwa HDMI. Muuzaji anasema ukikiweka PS2 inakuwa HD. Uongo mtupu! Kijisanduku kinapokea waya wa njano, yaani picha ambayo tayari imeharibika, kisha kinaitanua. Ni kama kuskani fotokopi hafifu kwa mashine ya bei ghali: utapata nakala safi ya fotokopi hafifu. Afadhali adapta inayochomekwa moja kwa moja nyuma ya PS2, kwa sababu haipiti kwenye waya wa njano. Kwenye mipangilio ya PS2 chagua Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB ukitumia kebo ya ncha tatu, na fuata maelezo ya adapta yako.

Muuzaji atasema, "Si nimekuonyesha hapa dukani ukaona tofauti?" Sisi wa Nanyuki tusidanganywe na maonyesho. Pale Ikweta watalii wanaonyeshwa maji yakizunguka huku upande wa kaskazini na kule upande wa kusini, wakati mzunguko wa dunia hauwezi kuamua chochote kwenye beseni dogo. Anayeamua ni mkono unaomwaga maji. Dukani uliza: ni TV moja? Ni mashine moja? Mwangaza umewekwa sawa? Kama sivyo, umeonyeshwa beseni.

Kuna wakati kebo bora inahitajika kweli. PS5 au Xbox Series X kwenye TV ya 4K kwa picha 120 kwa sekunde inataka kebo ya Ultra High Speed, ya gigabiti 48 kwa sekunde. Lakini PS5 inakuja na ya kwake boksini! Ukipoteza, tafuta yenye lebo rasmi ya kuskani kwa simu, usitazame unene wala dhahabu.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu anayeumia si tajiri. Tuseme kijana wa kibanda cha gemu anatoza shilingi 20 kwa mechi. Akitupa shilingi 2,000 kwa kebo isiyomsaidia, ametupa mechi 100. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza maelezo ya kupotosha. Muuzaji anayesema kebo inaongeza rangi anavunja haki hiyo, hata kama anatabasamu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla hujatoa pesa, geuza mashine yako uangalie nyuma. Ukiona waya wa njano, ubadilishe huo kwanza. Ukiona HDMI na picha haikatiki, rudisha pesa mfukoni.